Kituo cha Lundo

Mvua ya mchana iliukata umeme wa Mbinga, na jenereta ya chama cha wakulima wa kahawa ikakohoa kidogo, ikanyamaza. Aurelia, fundi wa kompyuta wa chama, alibaki amesimama katika chumba cha mitambo, akisikiliza seva zikizimika. Tovuti ya chama ilikuwa humo. Tangu kahawa iachiwe wanunuzi binafsi, mizigo ilionyeshwa kwenye tovuti hiyo, na ikifungwa, mnunuzi huenda zake kwingine.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Ismail, mnunuzi wa Moshi, akiulizia mzigo alioukuta kwenye tovuti.

"Uliuona lini?" Aurelia aliuliza.

"Ninautazama sasa hivi."

Umeme uliporudi, Aurelia aliiagiza kompyuta ifuate njia hadi ilikotoka nakala ya tovuti aliyoiona Ismail. Kila kituo cha njiani kilijitaja jina. Cha mwisho kilijiita romanus.

Romanus ndiye aliyemfundisha kazi. Seva ya akiba aliipeleka nyumbani kwa mama yake, Lundo, ikiwa na dishi lake na sola yake, ili yatakayoipata Mbinga yasiipate. Kisha upepo mkali wa mwera ukapindua ziwani mtumbwi aliopanda akitokea Lituhi, na mwili wake haukuonekana. Mwenyekiti, Mzee Alphonce, alitangaza kwamba kituo cha Lundo kimekufa na mwenyewe. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha, na Aurelia hakuwahi kupata moyo wa kuliita jina lile. Sasa aliliandika kwenye kompyuta, akaliita. Likajibu papo hapo.

Mzee Alphonce alifurahi kusikia kwamba kituo kiko hai. Akaagiza mashine ipandishwe Mbinga, iwekwe pamoja na wenzake. Aurelia alijua hilo ni kosa, lakini aliinamisha macho, akasema, "Sawa, mzee."

Huko Lundo alimkuta mama yake Romanus, Mama Gaudiosa, akianika usipa, dagaa wa ziwani. Alimwamkia shikamoo, akakaribishwa moja kwa moja chumbani mwa Romanus. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mashine ilikuwa mezani, feni yake ikivuma, taa yake ya kijani ikipepesa. Mama Gaudiosa alieleza kwamba kila asubuhi hufuta vumbi kwenye sola, na betri huziongezea maji kama mwanawe alivyomwonyesha. Wazee wa ukoo walikuwa wakitaka kuondoa matanga. Yeye alikataa. Kaburi hakuna, na chumbani bado mtu anapumua.

"Juzi, mvua iliponyesha huko kwenu milimani," alisema, "hii taa ilipepesa kama mtu mwenye haraka. Nikamwambia, kama unarudi, rudi. Alikuwa yeye?"

Aurelia aliweka kiganja juu ya mashine. Ilikuwa na joto. Angeweza kusema ndiyo, akaondoka zake.

"Walikuwa wanunuzi, mama, wanatafuta kahawa. Halafu nikawa mimi. Nilikuwa namwita."

"Akakuitikia?"

"Iliitika mashine. Aliipanga iitike."

"Basi hayumo."

"Hayumo, mama."

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akavuruga shuka aliyokuwa akiinyoosha kila siku, akalia. Alipotulia, alijifuta uso kwa kanga. "Na wewe umetumwa uje kuichukua."

"Nimetumwa," Aurelia alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Siichukui. Ikikaa na zile za Mbinga, zitazimika pamoja. Aliiweka huku kwa sababu hiyo."

Matanga yaliondolewa wiki iliyofuata, baada ya misa. Nyavu zilipewa binamu, jembe likapewa mpwa. Walipofika kwenye mashine, wazee walitazamana. Mzee Mansuetus, kaka wa marehemu baba yake Romanus, akauliza ni nani anayejua kuitunza, kisha akaushika mkono wa Mama Gaudiosa na kuuweka juu ya mashine. Akamgeukia Aurelia. Alimwonya kwamba kitu kilichokwisha kukabidhiwa hakiitwi tena kwa jina la marehemu. Mtu akiitwaitwa hapumziki.

Mzee Alphonce alipoambiwa kwamba mashine ina mwenyewe, alinung'unika ofisi nzima ikasikia. "Nimemtuma binti akachukue mtambo, karudi na usipa."

Lakini usipa aliupokea, na habari ya mashine hakuirudia.

Jioni ile Aurelia alilifuta jina la kituo, akaandika gaudiosa. Aliita. Kituo kikajibu kwa jina jipya, haraka kama zamani. Alikaa akilitazama mpaka herufi zikafifia machoni pake.

Siku chache baadaye Ismail alipiga simu kushukuru kwamba mzigo umefika salama. Kabla hajakata, akauliza jambo lililokuwa likimsumbua fundi wake.

"Hivi huyu Romanus wenu ni nani? Kompyuta ya huku inasema ndiye anayetuhudumia."

Aurelia alijua ni kitu gani. Mashine za mbali huwa na kumbukumbu. Huendelea kulishika jina la zamani mpaka muda wake uishe, hata kama mwenye jina amekwisha kulifuta. Hakuna wa kuziharakisha. Alitazama nje, kule milima inakoshuka kuelekea ziwani, akaushika mkonga wa simu kwa mikono miwili.

"Msubirini kidogo," alisema. "Yuko njiani, anaondoka."