Vipande Chini ya Cherehani

Mume wangu alipokuwa akiendesha lori tulipendana sana, maana hatukuonana. Anarudi, anakula, analala, ananipa habari za barabarani, na kabla hatujaanza kugombana keshaondoka. Wenzake walimwita Honi kwa sababu ya sauti yake, na mimi nasema hawakumwonea. Kisha sukari ikampata, kampuni ikamshusha kwenye gari, na Honi akahamia kwenye chumba changu cha kushonea.

Kama hujawahi kufanya kazi huku mwanamume mzima amekaa kwenye kigoda anakukodolea macho, wewe uchovu unausikia tu kwa watu. Alinipangia nyuzi kwa rangi, nikazipangua. Nikifika kwenye pindo ananionya, "Polepole hapo, kona hiyo," utadhani cherehani inaweza kupinduka na abiria wake. Mteja akija kupimwa gauni, anamuuliza kwanza amepita njia gani, halafu anamweleza njia aliyopaswa kupita. Nilikuwa naamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala.

Lakini nilimhurumia pia, nisiseme uongo. Ugonjwa ulimjia ghafla: kiu isiyokatika, mwili ukapukutika, na siku tuliyompeleka hospitali alikuwa hajitambui vizuri. Akatoka huko na insulini ya kujichoma asubuhi na jioni. Kampuni yao ina sheria kwamba anayejichoma insulini haendeshi safari ndefu. Hawakumfukuza. Walimwambia akae nyumbani, ataitwa kukiwa na kazi ndogondogo za pale yadi, na hakuitwa. Ilikuwa imebaki chini ya mwaka astaafu, kwa hiyo nikamwambia si apumzike tu, kwani kuna nini. Alivyoniangalia, nilijuta kufungua mdomo.

"Nataka nishuke mwenyewe kwenye lile gari," akasema. "Sitaki kushushwa."

Nikaendelea kushona.

Basi pale kliniki ya sukari kukawa na utafiti. Daktari wake ni binti mwembamba mwenye miwani, umri wa mwanangu, anaongea taratibu kama anayemwaga chai kwenye kikombe kidogo. Alitueleza kwamba kuna watu wazima wanaoanzishiwa insulini wakiwa mahututi, na baadaye kongosho lao linarudiwa na nguvu, ila kwa kuwa hakuna anayewapima wanaendelea kujichoma tu. Wao walikuwa wanatafuta ni nani bado anajitengenezea insulini yake. Anayejitengenezea ya kutosha, atapunguziwa sindano kidogo kidogo mpaka abaki na vidonge. Honi aliuliza swali moja: mtu wa vidonge anaruhusiwa kurudi kwenye lori? Daktari akasema anaruhusiwa, na barua ya kwenda kampuni angeiandika yeye mwenyewe. Kuanzia hapo tukawa tunaishi watatu nyumbani, mimi, yeye na hiyo barua.

Kipimo chenyewe hakikuwa na maajabu. Unakuja asubuhi hujala, hujajichoma, unatolewa damu, unakunywa kinywaji kitamu kama maziwa, unasubiri, unatolewa damu tena. Nesi alisisitiza hilo la kutojichoma, kisha akanigeukia mimi akalisisitiza upya, kama wanavyofanya watu wote wanaomjua mume wangu.

Siku ilipofika tukakaa kwenye mabenchi ya chuma pale kliniki, chini ya feni inayozunguka bila kupuliza. Mwanzoni alikuwa na raha iliyopitiliza. Aliwachekesha wagonjwa, akamtania nesi kwamba kongosho lake halijawahi kukosa kazini. Halafu akanyamaza. Nikashukuru Mungu, nikafumba macho kidogo nipumzishe kichwa. Nilipofumbua, shati lake lilikuwa limelowa jasho na mikono inatetemeka, na alikuwa anamwambia mzee wa watu aliyekaa pembeni asogeze gari lake, limeziba njia. Kabla sijamshika akateleza kutoka kwenye benchi mpaka sakafuni.

Walikuja mbio. Nesi akamtoboa kidole, akasoma kile kimashine, akaita daktari. Wakamvuta damu upesi kwenye vichupa, vichupa wakavitia kwenye barafu, na papo hapo wakamsukumia sukari kwenye mshipa. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kiatu chake kimoja, roho iko juu, nasema baba watoto, baba watoto, sina neno jingine.

Alipofumbua macho woga wangu wote uligeuka hasira, na hasira ikamwangukia nesi. Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia hivi ndivyo mnavyotafiti watu, kwa kuwashindisha njaa mpaka waanguke? Yeye akauliza kwa upole tu kama mzee alijichoma asubuhi. Nikasema hakujichoma, nimekuwa naye tangu alipoamka, usitafute pa kujifichia. Nikamgeukia Honi aniunge mkono. Alikuwa anaangalia dari.

"Njaa tu," akasema.

Majibu yalipokuwa tayari tukaitwa. Niliinuka kwenye cherehani haraka haraka, sikukumbuka hata kuvua futi ya kupimia shingoni, nikaingia nayo kwa daktari kama mkufu. Nilikuwa nimejiandaa kumalizia maneno niliyoyabakiza. Daktari akaiangalia ile futi, akaniuliza kama mimi ni fundi cherehani. Nikamwambia ndiyo, miaka mingi. Akatabasamu kidogo, akasema basi mama utanielewa.

Akaeleza kwamba kongosho likitengeneza insulini huitengeneza ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, kisha linaikata. Kile kipande kilichokatwa nacho hakitupwi, kinatoka kwenda kwenye damu pamoja na insulini yenyewe. Kinaitwa peptidi C. Zamani walikiona mabaki tu, siku hizi ndicho wanachokipima, kwa sababu insulini ya chupa haina hicho kipande. Imeshasafishwa huko kiwandani.

"Siku ile damu ya mzee ilikuwa imejaa insulini," akasema, "na peptidi C karibu hamna."

Hakuhitaji kuendelea. Chini ya cherehani yangu kuna vipande vya kila gauni nililowahi kukata, nafagia leo, kesho vipo. Ukiingia kwangu ukute gauni jipya linaning'inia na sakafu haina hata uzi, ujue hilo sikulishona, limetoka dukani. Nilimgeukia mume wangu polepole. Aibu niliyoisikia mbele ya yule binti, na nesi wa watu niliyemtukana, ningepata shimo ningeingia.

"Ulijichoma," nikamwambia.

Akaanza kukohoa. Kisha akasema yote, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Kuna mwenzake, dereva kama yeye, alimhakikishia kwamba pale wanapima insulini. Wakiikuta nyingi kwenye damu, basi umepona. Kwa hiyo asubuhi ile, mimi ninatafuta viatu, yeye akajifungia chooni akajichoma, tena akazidisha, ili apasi vizuri. Mtu mwenye akili zake, aliyepeleka mizigo nchi za watu na kurudi salama, anajiandalia mtihani wa damu kama anayejaza tangi la mafuta. Nilitaka kucheka na kulia, vyote vikakwama.

Daktari hakumkaripia. Alisema tu kwamba sukari ikishuka vile, kongosho linanyamaza, kwa hiyo kipimo kile hakikusema lolote juu ya kongosho lenyewe. Linaweza kuwa zima, linaweza kuwa limekufa. Ingebidi kupima upya, na akakubali kumpima.

Siku zilizofuata nilikuwa askari jela. Chupa ya insulini nilikuwa naitoa kwenye friji mwenyewe, namwangalia akijichoma, nairudisha mwenyewe. Asubuhi ya kipimo nilimpekua mifuko, nikamsindikiza mpaka mlango wa choo na kusimama hapo. Hakubisha. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana Honi hubisha hata akiambiwa chakula kiko tayari. Alikuwa anaogopa. Usiku mmoja aliniuliza, tukiwa tumeshazima taa, kama kongosho likifa linaweza kuamka. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Nilichojua ni kwamba nataka arudi kwenye lori lake kama anavyotaka yeye. Nilitaka nyumba yangu, nilitaka nyuzi zangu, na nilitaka kumwona tena akiingia mlangoni na lile vumbi lake na kelele zake.

Tulipima, tukaenda nyumbani, tukasubiri, tukaitwa.

Daktari alianza na tabasamu, nikajua kabla hajasema. Peptidi C ilikuwa nzuri. Ilikuwepo kabla ya kinywaji, na baada ya kinywaji ikapanda inavyotakiwa. Kongosho la mume wangu lilikuwa linafanya kazi. Angeanza kupunguziwa sindano wiki hiyo hiyo, kwa kumfuatilia, mpaka abaki na vidonge. Nilishika mkono wa Honi juu ya meza, mbele za watu, kitu ambacho hatuna mazoea nacho.

"Na barua?" akauliza.

Binti akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Akasema sheria ya madereva wa magari makubwa haiangalii sindano peke yake. Mtu akianguka kwa sukari kushuka, akahitaji wengine wamwokoe, anakaa mwaka mzima bila kugusa usukani. Siku ile alianguka kliniki, mbele ya watu wote, na imeshaandikwa. Yeye hawezi kuifuta, na hata angeweza asingefanya hivyo, kwa sababu lori likiacha njia haliui dereva peke yake.

Mwaka mzima. Sikuhitaji kumtazama kujua kwamba anapiga hesabu, na hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Kustaafu kungemkuta kabla.

"Kama nisingejichoma siku ile?" akauliza.

Daktari aliniangalia kama anayeomba msaada.

"Ningekuwa nimeshaiandika, mzee," akasema.

Tulipotoka tuliomba radhi kwa nesi, mimi nikaomba mara ya pili, kisha tukakaa kidogo kwenye ukuta mfupi karibu na geti. Watu waliingia na kutoka. Yeye alikuwa ameshika tumbo, upande, kama anayesikiliza kitu humo ndani.

"Kumbe lilikuwa linafanya kazi muda wote," akasema.

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa na maneno ya kumtosha mpaka uzeeni, ya yule mwenzake, ya choo, ya kiatu nilichokishika sakafuni siku ile. Yote yalinifika mdomoni nikayameza, maana nilikuwa nimechoka na nilikuwa nampenda.

"Nilitaka nishuke mwenyewe," akasema tena.

"Umeshuka mwenyewe, baba watoto," nikamwambia. "Hakuna aliyekushusha."

Sikusema kwa kumsuta. Sijui yeye alisikiaje. Aliitikia kwa kichwa, akainuka, tukaenda nyumbani.

Kulikuwa na gauni la mteja linalosubiri, nikaketi kwenye cherehani. Yeye akakaa kwenye kigoda chake. Vipande vilianguka miguuni mwetu kama kawaida na hakuvigusa, wala nyuzi hakuzigusa. Nilipofika kwenye pindo nikapunguza mwendo, nikangoja anionye kwamba kuna kona. Hakusema kitu. Nikasimamisha kabisa, mguu juu ya kanyagio, nikangoja tena.