Utepe wa Choo Kipya

Choo kipya cha mtaa kilikuwa na kila kitu isipokuwa watu. Kuta zimepakwa rangi, mawe ya njiani yamepigwa chokaa, maji yameunganishwa, na kibao cha ufunguzi kimefunikwa kipazia kama mwari. Mlangoni hapakuwa na kufuli. Palikuwa na utepe mwekundu tu.

Na utepe huo, jamani, uliushinda mtaa mzima. Kufuli lingevunjwa usiku wa kwanza na kuuzwa soko la Gikomba kabla ya chai. Lakini utepe ulikuwa wa mgeni rasmi, na nani angethubutu? Watu waliupita kwa adabu, mikono tumboni, wakielekea choo cha zamani kule mtoni, chenye mbao zilizooza.

Mgeni mwenyewe alikuwa mkubwa fulani wa jiji, rafiki wa Diwani Njogu. Kila Jumamosi alikuwa na udhuru: mara kikao, mara mazishi, mara gari limegoma. Kina mama wa kikundi cha nyimbo kilichoongozwa na Njoki waliufanyia mazoezi wimbo wa kumpokea hadi watoto wakauimba usingizini. Wakati huo maradhi ya kuhara yaliingia mtaani bila kungoja mwaliko.

Aliyeufunga utepe ni Mulama, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni na mwenyekiti wa kamati ya afya. Mulama alikuwa na suti ya kijivu, hotuba ndefu kupita kiasi, na hamu kubwa ya kupigwa picha akishikana mkono na mkubwa. Mama yake, Nalianya, aliyekuja kumtembelea kutoka Bungoma, alipoanza kuharisha, Mulama alimwambia avumilie hadi Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Viti vikapangwa, makasi yakawekwa kwenye sinia, mgeni hakuonekana. Mara mkewe Mulama, Mirriam, akaja mbio, kanga inamdondoka.

"Baba Koki! Ubao umevunjika kule mtoni. Mama ameanguka!"

Mulama alimkuta mama yake ameketi kwenye tope, analia. Hakulia kwa maumivu, alilia kwa aibu, maana vijana wa pale walikuwa wanamtazama. Mulama aliona haya hadi akataka ardhi immeze. Akambeba mgongoni, suti na yote, akashika njia ya nyumbani.

"Mwanangu," mama akanong'ona walipokaribia viti, "nyumbani sifiki."

Mulama akaangalia utepe. Akaiona picha yake na mkubwa ikipotea, na uenyekiti pamoja nayo. Kisha akanyakua makasi.

"Mwenyekiti, wacha! Mgeni bado!" akafoka Dishon, mwanakamati mwenzake.

"Mgeni na akae huko huko!"

Akaukata. Kina mama wa Njoki, walioona makasi tu, wakapasuka kwa wimbo na vigelegele, mazoea nayo ni kitu. Nalianya akaingia chooni akiimbiwa ubeti mzima wa kusifu uongozi bora. Mnyororo ulipovutwa na maji yakanguruma, watu walipiga makofi, kisha wakapanga foleni wakisukumana. Dishon alikuwa wa pili.

Diwani Njogu akafika baadaye, peke yake.

"Wananchi, mgeni wetu anaomba radhi. Jumamosi ijayo bila kukosa!" Akaona foleni. Akaona utepe chini. "Ni nani amekata hii kitu?"

Mulama akatoka kwenye foleni, tope limemkaukia shingoni.

"Ni mimi, mheshimiwa. Mama yangu alizidiwa."

"Na Jumamosi nitamwonyesha mgeni nini sasa?"

"Mwonyeshe watu wasioharisha," Mulama akajibu.

Kisha akarudi mbio kwenye nafasi yake, kwa sababu tumbo lake nalo lilikuwa limeanza.