Mtindi wa Yona

Ruthi akinywa maziwa freshi, tumbo lilimjaa gesi likanguruma hadi akaona haya mbele za watu. Mtindi haukumsumbua hata kidogo. Kwa hiyo mwanawe Yona alipotimiza mwaka, alimlisha mtindi bila wasiwasi.

Kabla hajaosha kijiko, midomo ya mtoto ilivimba, vipele vikamtapakaa shingoni, akaanza kukohoa na kukoroma. Shahida, jirani yao mwenye duka pale Ngamiani, aliwapakia kwenye gari lake akawakimbiza hospitali.

Yona alichomwa sindano, pumzi ikamrudia. Ruthi alimgeukia daktari.

"Nilidhani amerithi tumbo langu. Mbona mimi mtindi naunywa nisidhurike?"

"Yako na yake ni mambo mawili, mama Yona," daktari alisema. "Tumbo lako linashindwa kusaga sukari ya maziwa, na kwenye mtindi sukari hiyo hupungua. Yona ana mzio. Mwili wake unapigana na protini ya maziwa, na kugandisha maziwa hakuiondoi."

"Na ya mbuzi je?" aliuliza Shahida.

"Hayo nayo msimpe, protini zake zinafanana mno."

"Atakuwa hivi maisha yake yote?" Ruthi aliuliza.

"Wengi huponywa na umri. Ila msimjaribishe maziwa nyumbani, mleteni hapa tumpime."

Ruthi alimpakata mwanawe, akafikiri kidogo. "Na mimi ninayemnyonyesha, nikinywa mtindi?"

Daktari alivuta kiti, akakaa. "Protini hiyo hupita kidogo kwenye maziwa yako, lakini kama hajawahi kudhurika akinyonya, wewe endelea kunywa."