Vichupa Ishirini vya Macho Manne

Macho Manne, mtunza stoo wa maabara, alikuwa na miwani minene na roho isiyoamini hata kivuli chake. Ndiye aliyempigia debe mke wa mdogo wake mpaka akapata kazi pale, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshuku. Mambo hayo!

Yalianza siku vilipofika vichupa ishirini vya protini. Protini yenyewe ilikuwa ya binadamu, lakini haikutoka mwilini mwa mtu. Ilitengenezwa na bakteria waliopachikwa jeni ya binadamu. Kila kichupa kilikuwa na tone moja tu lililoganda. Kazi ya wifi yake ilikuwa kuzilisha seli tone hilo ili zikue. Zikikua, mkataba wake unaendelea. Zikifa, Ijumaa ya mwisho wa mwezi anafungasha virago.

Siku ya kwanza tu, wifi alichukua kichupa, akakitumbukiza kwenye ndoo ndogo ya barafu, akaifunika chapuchapu.

"Mbona unafunika, wifi?"

"Joto, wifi. Hii haitaki joto."

Joto! Macho Manne akaguna. Mtu mwenye nia safi anaficha nini? Huyu anachota protini na kujazia maji, akawaza, na siku akikamatwa nitaulizwa mimi niliyemleta. Aibu ya hapa kazini, na aibu ya nyumbani kwa mama, wee!

Kesho yake akawahi kazini kabla ya wote. Akafungua friza, akatoa boksi, akakishika kichupa kimoja kimoja kiganjani mpaka barafu ikayeyuka, kisha akakiinua dirishani aone kama tone limepungua. Halikupungua. Akavirudisha vyote kwenye baridi, kila kimoja mahali pake, maana kazi ya stoo aliijua. Mambo ya sayansi aliwaachia wenye vyeti. Na kesho kutwa akafanya vilevile, na siku zote zilizofuata.

"Ana ujanja huyu," akajisemea. "Lakini kwangu amenoa."

Juma la pili seli zikafa. Juma la tatu zikafa tena. Wifi akakonda. Alinawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, akidhani ndiye anayeingiza uchafu. Wakati mwingine alitoka chooni macho mekundu. Machozi ya mamba, akasema Macho Manne moyoni, na siku hiyo akavikagua vichupa vilivyobaki mara mbili.

Ijumaa ikafika. Mkuu wa maabara, mwanamke asiye na maneno mengi, akamwita wifi ofisini. Macho Manne hakungoja kualikwa, akajitoma ndani.

"Mkuu, tunachezewa! Huyu anachakachua vichupa."

"Una ushahidi?"

"Ninao tele! Kila asubuhi navikagua mimi mwenyewe. Nakishika kimoja kimoja mpaka kinayeyuka, naangalia, nakirudisha kwenye friza. Asubuhi tone lipo kamili. Kwa hiyo anabadilisha nikishatoka."

Mkuu akaweka kalamu chini. "Kila asubuhi?"

"Sijakosa hata siku moja."

"Protini hii ukiiyeyusha, unaitumia papo hapo. Ukiigandisha tena, ukaiyeyusha tena, inaharibika. Tone litabaki vilevile, lakini halina kazi. Seli zimekufa njaa."

Macho Manne akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye bado hajaelewa. Kisha akaelewa. Akashika ukingo wa meza.

Wifi hakupaza sauti. "Ungeniuliza tu," alisema. "Nilijua mikono yangu ndiyo yenye balaa. Mwezi mzima naogopa hata kumshika mwanangu. Mdogo wako ndiye anayemwogesha."

Macho Manne akaomba karatasi. Akaandika kwamba kosa ni lake peke yake, akatia sahihi. Mkuu akasoma, akamwongezea wifi miezi mitatu mpaka vichupa vingine vifike. Macho Manne akaambiwa aikabidhi stoo siku hiyohiyo, naye hakubisha.

Mlangoni akamnyooshea wifi yake mkono. "Nisamehe, mdogo wangu."

Wifi akautazama ule mkono kwa muda mrefu, kisha akaingiza yake miwili mifukoni mwa koti jeupe, akampisha apite.