Mkono Ulioing'arisha Dhahabu

Asubuhi hiyo Anselme alijaribu kufunga vifungo vya koti lake mara tatu, vidole vikamgomea. Perrine, mkewe, akajifanya anakoroga supu ya dengu, hajaona kitu.

Kwa miaka ishirini mumewe alikuwa akiipaka shaba dhahabu katika mtaa wa Saint-Antoine, Paris. Huichanganya dhahabu na zebaki, akaipaka, kisha akaichoma mpaka zebaki yote igeuke moshi na dhahabu ibaki. Moshi ule haukuwa na huruma. Ulikwisha kumnyang'anya meno manne, na sasa ulikuwa umemshika mikono. Wenzake wengi walizikwa hata miaka arobaini hawajafika.

Mezani palikuwa na vinara viwili vya mishumaa alivyoagiza Bwana Delaroque, mwenye duka, kwa ajili ya harusi ya binti wa kabaila. Kila kimoja kilikuwa mwanamke aliyejitwika kikapu cha waridi. Dhahabu ilikwisha kushika. Ilibaki kuisugua kwa jiwe la akiki, mashavu yang'ae, nguo iachwe imefifia. Jiwe likiteleza tu, kazi yote inarudi motoni.

"Lete hapa," Perrine alisema.

"Hii si sufuria, mke wangu."

"Vile visahani vya mwaka jana, ulipolala na homa, unadhani vilijing'arisha?"

Anselme akamtazama. "Uliniambia alikuja rafiki yangu Bertin kunisaidia."

"Bertin alikuja kula."

Perrine alisugua siku mbili, amekibana kinara mapajani kama mtoto anayesukwa. Kisha akamsihi mumewe amwambie tajiri kwamba kaifanya mwenyewe. Fundi akijulikana ni mgonjwa, nani atamletea kazi?

Bwana Delaroque alipofika, alikipeleka kinara kimoja dirishani, akakigeuza polepole.

"Anselme, naona mkono wako umekuwa mwepesi siku hizi."

Perrine akainamisha macho. Anselme akasema, "Huo si mkono wangu, bwana. Ni wa mke wangu. Wangu huu hapa." Akauinua, ukitetemeka mbele yao.

Basi, tumekwisha, Perrine aliwaza.

Delaroque akakiweka kinara mezani. "Mafundi wa kuchoma ninao sita. Wa kung'arisha ninao wawili, na mmoja mkono wake ni kwato. Mama, nikikuletea vilivyokwisha kuchomwa, utaviweza?"

"Nitaviweza. Ila tanuri letu tunalizima. Zebaki haiingii tena humu ndani."

"Sijakuuliza habari za tanuri."

"Ndiyo maana nakuambia mwenyewe."

Delaroque akacheka, akavichukua vinara vyake, na Jumatatu akaleta vingine vinne.

Wiki ile Anselme alilibomoa tanuri tofali kwa tofali, taratibu, hataki kusaidiwa. Pale lilipokuwa wakaweka benchi la Perrine. Bertin alipopita akamkuta rafiki yake akifagia, akamchokoza: "Kumbe siku hizi umeajiriwa na mkeo?"

"Ndiyo, na ni tajiri mkali. Kaa mbali na chungu chake."

Akaliweka fagio kando, akaketi karibu na Perrine. Mikono yake ilikuwa bado haijatulia, lakini macho yalikuwa yale yale ya fundi.

"Hapo kwenye waridi," alisema, "legeza mkono kidogo. Acha kivuli kipumue."

Perrine akalegeza.