Kutoka Kitandani Hadi Barazani

1.

TANGAZO

Wateja wote mnajulishwa kuwa kuanzia leo ni marufuku kuvua viatu na kukanyaga marumaru za maonyesho. Ni marufuku pia kutembea dukani hali umejifunga kanga usoni. Uongozi hautahusika na mteja atakayeangukia masinki.

(Limebandikwa kwenye kioo cha duka la vifaa vya ujenzi, Mwanga mjini, siku moja baada ya Bibi Nakiete kupita.)

2.

Hakuliangukia. Aligusana nalo tu kwa nyonga, sinki likayumba, likatulia.

Kanga usoni, ndara mkononi, Bibi Nakiete alikanyaga marumaru aina kumi na saba, moja baada ya nyingine, wayo mzima, kisigino, kidole gumba.

"Bibi, marumaru huchaguliwa kwa macho," dada muuzaji alimwambia.

"Za kwako, mwanangu. Hizi ni za mume wangu."

3.

Mume wake ni Mzee Elinihaki. Miaka thelathini na mmoja alikuwa dereva wa greda, akisawazisha barabara za vumbi. Sasa presha ya macho imemnyang'anya uwezo wa kuona. Kilichobaki ni kujua kwamba kumekucha, na kwamba kumekuchwa. Basi.

Katika nyumba yao ya zamani hana shida. Ufa ulio mlangoni unamwambia *toka*. Kishimo kilicho kando ya mtungi kinamwambia *kunywa maji*.

Binti yao Nanzia alipopiga simu kutoka Arusha kwamba anawajengea nyumba mpya, uwanja uleule, hatua arobaini kutoka ya zamani, mzee alijibu mara moja, na hakurudia:

"Jengeni. Nikiweza kutoka kitandani hadi barazani bila kushikwa mkono, nitahamia. Nikishikwa mkono, sihamii. Mimi si mbuzi wa mnada."

4.

*Kundi la simu: UJENZI KWA WAZEE*

NANZIA: Shikamoo mama. Chukua zile nyeupe zinazong'aa. Mtu anajiona uso kabisa.

MAMA: Marahaba. Baba yako hatafuti uso. Anatafuta choo.

NANZIA: Haya mama, chagua wewe. Ila rangi ya ukuta niachie mimi.

MAMA: Chukua na dari.

5.

*Kutoka daftari la Bibi, mwandiko wa darasa la saba, mstari hauvukwi:*

Chumbani. Laini, zisizo baridi asubuhi. Nimezijaribu kwa shavu pia.

Chooni. Zenye chembechembe kama chumvi ya mawe. Zishike hata zikilowa.

Njia. Zile zenye mistari ya kukwaruza, kama ulimi wa ng'ombe. Safu moja tu. Kutoka kitandani hadi sebuleni. Hapo igawanyike: ya jikoni, ya chooni, ya barazani. Kila kwingine laini. Akitoka njiani ajue ametoka.

Vitasa. Si vya duara. Vya kushusha kwa mkono, vyote upande mmoja.

Swichi za taa. Popote. Mwenye kuzihitaji ni mimi.

6.

Kesho, bibi, alisema fundi.

Kesho.

Keshokutwa, bibi, tumefiwa huku ukweni.

Ukuta haujakauka.

Kesho.

Kungoja nyumba ni kama kupika maharage ya mwaka juzi. Unachochea, unaongeza maji, yanakutazama. Bibi Nakiete alisubiri. Alisuka mikeka miwili. Alimzoeza jogoo kutolala juu ya mifuko ya saruji. Jogoo hakuzoea.

Kesho.

7.

Mimi ni Fundi Kibacha, niliyeweka marumaru hizo. Msomaji, nihukumu wewe.

Ile njia ya bibi niliitandaza kama alivyosema, kwa kamba na pima maji. Lakini sebuleni safu zilikutana zimegongana vichwa kama fito za banda la kuku. Nikazitazama. Mkono ukakataa. Mtu una ufundi wa miaka ishirini, uache kitu kile pale, wageni wakione?

Nikakata. Nikazungusha.

Nikaweka ua. Petali nane, za kukwaruza vilevile, na katikati duara laini. Kule Moshi watu wanapiga nalo picha.

Sikumwuliza bibi. Nilitaka iwe zawadi.

8.

"Kibacha."

"Naam, bibi."

"Hiki nini?"

"Ua, bibi."

"Mzee akifika hapa atazunguka mpaka Pasaka."

"Nibomoe?"

Dukani wakasema za ulimi wa ng'ombe zimekwisha. Shehena nyingine, labda baada ya mavuno. Na mzee alikuwa ameshatamka kwamba Jumamosi atakuja kukagua.

Bibi akakaa juu ya ndoo ya rangi, akalitazama lile ua. Zuri, kwa kweli.

Ndiyo maana lilimuuma.

9.

Jumamosi, saa nne asubuhi. Mzee Elinihaki akavua viatu barazani. Bibi akamfikisha hadi kitandani, akamwachia mkono. Fundi ukutani. Nanzia ndani ya simu.

Hatua.

Hatua.

Kidole gumba kikatafuta, kikapata. Mlango. Sebule. Hatua.

Wayo ukakuta ukingo unaopinda.

Akasimama.

Bibi Nakiete akauma pindo la kanga.

"Mama Nanzia."

"Abee."

"Nani kaweka kipilefti humu ndani?"

Fundi akatazama dari. "Mimi, mzee."

"Hujaweka kibao."

Akazunguka, petali kwa petali. Njia ya kwanza, akanusa: "Jikoni." Njia ya pili, akasikia bomba linadondosha maji: "Hiyo nitaihitaji." Akaipita ya tatu. Bibi akafungua kinywa, na mzee akainua kidole kimoja juu, kama alivyokuwa akisimamisha malori.

"Usinielekeze. Dereva ni mimi."

Akarudi kitandani alikoanzia, akacheka peke yake, akazunguka tena. Mara hii

      kulia

            hatua

                  hatua

upepo ukampiga usoni.

Baraza.

"Baba," simu ikasema, "unahamia?"

"Barabara haipokelewi kwa kupitwa mara moja," akasema Mzee Elinihaki, akageuka, akaingia ndani tena.

10.

Mchana huo walikula katika nyumba ya zamani. Mzee alikuwa amerudi mwenyewe, akikatiza uwanja, akipiga mluzi. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alisema mlenda umekolea.

Chini ya meza wayo wake wa kulia ulikuwa unachora duara sakafuni, polepole. Bibi alihesabu bila kutaka: jikoni, choo, baraza, kitanda, jikoni, choo

Ndipo akagundua kwamba wayo uko peku.

Akanyoosha shingo dirishani. Kule nyumba mpya, barazani, viatu vya mzee vilikuwa vimepangwa sambamba. Ncha zimeelekea ndani.

Amesahau? Dereva wa miaka thelathini na mmoja?

Bibi Nakiete akamwongezea mlenda. Hakuuliza, wala hakuvifuata.

Na wewe ukipita uwanja ule ukaviona, tafadhali, viache.