Kikapu cha Mama Mkwe

Macho ya mama mkwe yalianza kuchanganya nyekundu na kijani msimu uliopita, na aliyejua ni mimi peke yangu. Nani angethubutu kumwambia? Ndiye aliyetufundisha nyumba nzima kuchuma kahawa, na kisiwa kizima kinamwita Mkono wa Dhahabu. Mume wangu nilimgusia mara moja tu, akanijia juu kana kwamba nimemtukania mama yake.

Basi nikawa nachambua kwa siri. Mama akienda kunawa miguu, mimi napiga magoti nyuma ya jiko, natoa matunda mabichi, ya kijani, kwenye kikapu chake na kuyatupia kwenye changu, nikayafukie baadaye. Kikundi chetu kinauza kahawa ya daraja la juu, mabivu matupu. Gunia letu moja lilisharudishwa. La pili likirudi, tunafutwa kikundini.

Jana mkaguzi wa kikundi alinikamata na ngozi mkononi, kama mwizi wa mbuzi. Hodi yenyewe aliipigia ndani. Akatazama kikapu cha mama: mekundu matupu. Akatazama changu: mabichi mpaka juu.

"Kumbe ni wewe!"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe alikuwa amesharudi, miguu inachuruzika maji, akanishika bega.

"Msamehe, baba. Bado anajifunza."

Miaka kumi na miwili nimo kwenye kahawa hiyo! Nilitaka kulia, nilitaka kucheka. Ningemwaibishaje mtu anayenitetea?

"Kuanzia kesho achume bibi peke yake," mkaguzi akaamua. "Wewe usiguse hata kikapu. Jioni nakuja kushona gunia mwenyewe."

Mume wangu, aliyeingia nyuma yake, akaitikia kwa kichwa. Mwanamume mzima!

Leo mama aliondoka alfajiri na vikapu viwili, chake na changu. Nilishinda na ufagio uani, nikimsikia akiimba huko juu shambani.

Amerudi jua likizama, vyote vimejaa. Mkaguzi yuko mlangoni, sindano na uzi mkononi, anasubiri mama amalize kunipa somo. Mama amechagua tunda moja kwa uangalifu, akalifuta kwa nguo yake, akaniwekea kiganjani. Bichi, gumu kama kokoto.

"Jekundu ndilo hili, mwanangu. Umeliona?"

"Nimeliona, mama."